Kikombe cha Pili kwa Mwanahalima

Kaka Elibariki, shikamoo.

Simu zangu hupokei, ila barua najua utaisoma. Nimeshuka kutoka Myamba na tangawizi, imeisha yote, sasa nimetulia mgahawani kwa Mwanahalima, hapa Same, nakuandikia.

Kila nikitoa karatasi analeta vikombe viwili vya chai. “Huwezi kuongea na mtu usimkaribishe,” anasema. Kimoja changu, kingine chako.

Mama sasa anakwenda kanisani bila fimbo, na kwaya anaiongoza yeye! Yale maneno tuliyotupiana kuhusu shamba, siku tulipomzika baba, mimi nimeyaacha.

Miaka minne nainywa chai yako ikishapoa, na Mwanahalima hana mkono mwepesi wa sukari. Njoo uinywe mwenyewe, kaka. Magauni yote yananibana.

Mdogo wako,
Yudith