Waya wa Kijani

Jumamosi, 9 Novemba

Friji imekufa tena. Mara ya tatu tangu mvua zianze. Skrubu za nyuma zina tundu la nyota, bisibisi zangu zote ni za kawaida. Nimenoa moja kwenye jiwe mpaka ikaingia. Redio ya marehemu baba ilifunguliwa kwa kisu cha mezani. Vitu vya siku hizi vimetengenezwa ili mwenyewe asivifungue.

Fundi wa Kayanga anasema bodi ya umeme ya friji imeungua, ninunue friji nyingine. Nimemjibu kwamba nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanza kuanguka, na wiki ijayo Mama anatuletea ndoo nzima kutoka Isingiro, ya kuhifadhi. Lazima ipone.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeiruka bodi. Waya moja kwa moja mpaka kwenye mota. Kifuniko kiligoma kukaa, nikakisukuma kwa goti. Skrubu mbili zimebaki mkononi, sijui za wapi.

Nikachomeka. Swichi kuu ya nyumba ikakata. Nikarudisha, ikakata. Mara sita. Editha, mke wangu, akaenda shambani bila kuaga. Nilitamani kuipiga ile friji kwa jembe.

Jumanne, 12 Novemba

Imepona. Plagi ina nyaya tatu. Mbili zinafanya kazi, wa kijani umekaa tu. Najua jina lake, nilikuwa nikiuchora ubaoni: waya wa ardhi, wa kumkinga mtu asipigwe na umeme. Nimeukata. Swichi haikukata tena. Ni kwa muda tu, mpaka senene waishe.

Nimempigia Mama simu nijisifu. Akacheka, akaniita fundi wake. Nilifurahi kama mtoto.

Alhamisi, 14 Novemba

Friji inatekenya. Editha ndiye aliyesema kwanza, kwamba mpini wa mlango unamtekenya vidole. Nikacheka. Halafu nikaugusisha testa ya umeme, ikawaka.

Nimeweka ndala zangu za mpira mbele ya friji. Sheria: hakuna kuigusa bila ndala. Editha amesema, "Baba Koku, kitu cha kuvaliwa viatu ndani ya nyumba si cha kukaa nacho." Nikiichomoa, nitakuwa nimekubali kwamba fundi alisema kweli.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama amefika kwa bodaboda, ndoo ya senene magotini, mzigo wa nyasi nyuma. Nyasi zimeloa mvua. Akazitandaza sakafuni kama anavyofanya kila akija: sebule yote, safari hii mpaka jikoni. Viatu akaviacha mlangoni. Kwetu nyasi mbichi hazikanyagwi kwa viatu. Ni kama kumkanyaga aliyezitandaza, na mwenye nyumba pia.

Editha akanitazama. Nilitakiwa kusema. Niseme nini? Mama avae ndala juu ya nyasi zake mwenyewe, kwa ajili ya friji niliyojisifia? Nikamwambia tu asihangaike, Editha atakuwa anamfungulia. Akasema yeye si mgeni.

Sikuichomoa. Naogopa, na sikuichomoa.

Jumapili, 17 Novemba

Tumetoka kanisani. Nilikuwa sebuleni navua koti. Mama jikoni, ameosha senene, mikono imelowa, miguu mitupu.

Hakupiga kelele. Nilisikia sufuria ikianguka. Mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania mpini na hauachii. Editha alikimbilia swichi kuu. Mimi nilisimama.

Jumatano, 20 Novemba

Yuko hai. Daktari anasema moyo uko sawa. Kiganja cha kulia kimeungua na vidole havikunjiki.

Ananiomba radhi. Anasema aliishika kwa mikono yenye maji, akamharibia mwanawe friji. Amerudia mbele ya wagonjwa wenzake. Nikasema, "Si neno, Mama." Yule wa kitanda cha pili akanisifu kwa moyo mwema. Najichukia.

Jumatatu, 25 Novemba

Friji iko uani, imefunikwa turubai. Kuku analala juu yake. Skrubu mbili bado ziko mfukoni mwangu.

Mama ameuliza tena kama itapona. Nimesema sijui.

Jumapili, 1 Desemba

Mama ametoka hospitali, yuko kwetu. Editha alitandaza nyasi kumpokea.

Nilichukua kipande cha waya wa kijani kwenye kopo la misumari, nikamwekea kwenye mkono wa kushoto. Nikamweleza kazi yake, na kwamba niliukata. Akaugeuzageuza. Akauliza kama siku ile nilijua. Nikasema nilijua.

Akaniwekea ule waya mezani. Akatoka, akavaa viatu vyake, akaketi barazani kuchambua kahawa kwa mkono mmoja. Nilibaki ndani, sikuweza kumfuata.

Mvua ilipoanza akaingia. Hakuvua viatu. Akapita juu ya nyasi mpaka kwenye kiti chake, akaketi.