Azimio la Makote Kuhusu Jiwe la Angani

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie upesi, kabla mume wangu hajachukuliwa.

Mume wangu Felician ni mwalimu, mtu wa Bukoba, na tangu redio iseme kwamba jiwe kubwa la angani liitwalo Ikarusi litapita karibu na dunia hakutulia, kila jioni alikuwa anapanda kichuguu nyuma ya nyumba na darubini ya kuazima, anatazama kusini, nami nikimwambia Baba Anselmo shuka, watu wanakuona, ananijibu, "Mama Anselmo, jiwe hili lina mbio, ukiliacha siku mbili hulikuti ulipoliacha," na kumbe kwa darubini ile halionekani hata kidogo, alikuwa anatazama pale ambapo hesabu zake zinasema lipo, kisha anashuka amefurahi, ugali umepoa.

Sasa kusini kwetu ni Ruvuma, ng'ambo ni vita, na ndege za Mreno zinapita juu ya mikorosho yetu, kwa hiyo vijana wa ulinzi wakaanza kuulizana anamwangalia nani. Kamati ya kijiji nayo ikakaa, mwenyekiti wetu Mzee Bwanali akasoma azimio la kulitaka jiwe lipite mbali na Makote, tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Mwezi uliopita jiwe likapita mbali, kama Felician alivyosema tangu mwanzo, lakini mwenyekiti anasema limegeuzwa na azimio, na anataka Felician, kwa kuwa ndiye msomi, akiri hivyo kwenye mkutano wa Jumamosi, la sivyo apelekwe wilayani akaeleze ile darubini ilikuwa kwa faida ya nani. Felician anasema yeye huwachapa watoto wakisema uongo, atausemaje mwenyewe. Nimpigie magoti? Nina watoto wadogo, na ninampenda pamoja na ukaidi wake wote.

Mama Anselmo, Makote, Newala, Julai 1968

JIBU

Mama Anselmo, pole, lakini kwanza nikugombeze. Watu wazima mmeketi kuliamrisha jiwe, na wewe mwenye mtu wa hesabu nyumbani ukapiga makofi. Naye mumeo anajua jiwe lilipo angani, hajui yeye alipo duniani. Nani anapanda kichuguu na darubini, mpakani, wakati wa vita, bila kumwambia mwenyekiti wake?

Usimpigie magoti. Jumamosi asimame aseme: "Kamati ilitaka jiwe lipite mbali, na jiwe limepita mbali." Kisha akae. Hapo hakuna uongo, na makofi yatamtosha mwenyekiti. Darubini irudishwe kwa mwenyewe kesho mchana, hao vijana wakiona.

Wasiporidhika, nenda ukatwange makopa ya muhogo na mke wa mwenyekiti. Mkiwa mnatwanga, muulize kwa upole: ikiwa azimio la Mzee linageuza jiwe la angani, mbona hajapitisha lingine la kugeuza ndege za Mreno, watoto wetu wakalala? Usiongeze neno, endelea kutwanga. Swali litafika kwa mumewe kabla unga haujachekechwa.

Bibi Siti