Marahaba Yako Ipo Dirishani

Cape Town

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Rehema ameniambia mmemaliza kupulizia mikorosho, na kwamba ukungu wa hapo kwetu Mkunya mwaka huu haukuondoka hadi jua kali. Jifunike vizuri. Mimi ni mzima, na kazi ya useremala inaendelea.

Naandika ili nikueleze mwenyewe ile sauti yako uliyonirekodia ilikwenda wapi, maana Rehema anasema hukumwelewa.

Nilipoanza dawa za kunifanya niwe mwanamume machoni pa watu, kama nilivyojijua tangu utotoni, sauti ilianza kukwaruza kama ya mvulana anayebalehe. Kila mwezi nikawa najirekodi kwenye simu nikisema maneno yaleyale: "Shikamoo, mama. Ni mimi." Sikufikiria sanaa. Nilikuwa najizoeza kukupigia.

Kisha nikakupigia. Ukanisikiliza, ukajibu kwa upole, "Umekosea namba, baba," ukakata. Sikupiga tena. Tangu hapo Rehema ndiye aliyetubebea salamu, kwako na kwangu.

Mwaka huu Thandi, mchongaji tunayetumia naye karakana moja, alizisikia zile sauti. Akasema tuzipange ukutani, kila moja na spika yake, kuanzia ile nyembamba ya zamani hadi hii nzito ya leo, ili mtu akitembea toka mlangoni hadi dirishani ausikie muda ukipita ndani ya mtu mmoja. Tukafunga spika zote. Ila tulipofika dirishani pakawa kimya. Miaka yote ile nilikuwa nasalimia, na hakuna aliyeitikia.

"Muombe mama yako," Thandi akasema.

"Atakataa."

"Basi akatae mwenyewe. Usimkatalie wewe."

Ulichonitumia kwa simu ya Rehema nilikwenda kukisikilizia chooni, watu wasinione. Kuku wanalia, mtu anatwanga, halafu wewe: "Marahaba, mwanangu. Nimekujua. Umekula?" Nilikaa humo hadi wakaanza kugonga mlango.

Hiyo ndiyo ipo dirishani. Siku ya ufunguzi wa maonyesho bibi mmoja alitembea ukuta wote polepole, akarudi kuniuliza, "Mtoto amebadilika njia nzima. Mbona mama ana sauti moja tu?" Nikamwambia mama naye alitembea safari yake, ila hakuna aliyekuwa anamrekodi. Akanishika mkono.

Jambo jingine. Nasikia wanawake bombani wanakuuliza kwa kejeli wakuite nani sasa. Usihangaike kuwatafutia jibu. Wewe umekuwa Mama Zuhura tangu siku uliyonizaa, na kwa jina hilo ulinibeba mgongoni kwenda shambani. Mimi nimebadili jina langu, lako sijaligusa. Ukitaka kubaki nalo, baki nalo. Siku ukilichoka, utachagua mwenyewe, wala si wao.

Nisalimie Rehema na shemeji, mwalimu wetu wa Lulindi. Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie nimemtafutia blanketi zito. Mjomba naye, aliyesema nisikanyage kwake, mfikishie salamu zangu. Akizikataa, ziache hapohapo mlangoni kwake, usinirudishie.

Ni mimi mwanao,
Zuberi