Suti Nyeusi Ibaki Lyon

Mtaa wa Borj,
Mahdia, Tunisia.
Julai 19

Mpendwa mdogo wangu Naji,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Kabla ya yote, kifua kinaendeleaje? Kovu limepoa, au bado linakuvuta ukilalia ubavu? Dawa unakunywa kwa wakati, au mpaka wifi yangu Dalanda akukaripie? Kila alfajiri nakuombea wewe kwanza, ndipo nayaombea magoti yangu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la mwaka huu limetukaba koo.

Naji, nina habari, na siwezi kuiandika polepole. Mkono wenyewe unakimbia.

Uliponiambia kwenye simu nimtafutie mwanangu Rim mtu mwingine wa kusimama mahali pa marehemu baba yake siku ya ndoa, nilihuzunika. Sikukulaumu. Daktari kakupasua moyo juzi tu, na msikiti wetu mwezi wa Agosti, baada ya alasiri, watu wamejaa mpaka mlangoni, ni tanuri. Halafu uwe ndani ya suti ya sufu, na kizibao, na tai. Sote tunakumbuka harusi ya Munji. Ulikuwa mzima wa afya, na bado walikubeba nje wakakumwagia maji ya maua ya michungwa mpaka ukanukia kuliko bibi harusi.

Lakini mtoto amekuchagua wewe. Nilipomwambia huenda usiweze, hakulia. Alisema tu, "Basi watu wale chakula chao, ndoa itasomwa siku mjomba akipona." Na kadi zimeshagawiwa.

Suti zenyewe tulizitaka kwa ajili ya wakwe. Ni watu wa Tunis, tukajiambia wasije wakatuona washamba kwenye picha. Shemeji yetu Ridha kashonewa nyeusi, kila akiijaribu analowa jasho kabla hajafikia kifungo cha pili.

Sasa sikia. Jumanne alikuja Bi Raudha, mama yake Khalil bwana harusi, kuleta hina na vitambaa. Tukanywa chai ya lozi, akazungukazunguka na maneno, mwisho akaniuliza kwa aibu kama hapa Mahdia kuna fundi wa majuba anayeshona haraka.

"Juba la nani, Mama Khalil?"

"La mume wangu. Wanaume wetu wote wameshona majuba, tulisema tusije kwenu na masuti mkatuona tunajitia Uzungu. Ila lake limekatwa fupi, utadhani kaazima la mwanawe."

Nikamtazama. "Mama Khalil, wanaume wa kwetu wote wameshona suti. Kwa ajili yenu."

"Zenye tai?"

"Na vizibao."

Tulicheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa alichomletea Rim. Hebu fikiria, watu wa mjini washuke garini na majuba ya hariri, na sisi, ambao juba ndilo vazi letu la asili, tumejipanga mlangoni na tai kama makarani wa benki.

Tukakata shauri palepale: pande zote mbili, juba. Ridha kanung'unika, "Na suti yangu nikaivalie wapi, baharini?" Mkewe akamjibu, "Ivae Januari, utapendeza kwenye foleni ya mkate."

Basi turudi kwako. Nimetoa sandukuni juba la Baba la kiangazi, lile la hariri rangi ya maziwa. Tumbo lisikutie wasiwasi, juba halimuulizi mtu tumbo. Upepo unaingia chini unatokea shingoni. Suruali yake ni ya kufunga kwa kamba kiunoni. Kinachobana ni kizibao cha ndani, maana Baba alikuwa mwembamba. Fundi Tijani akaniuliza, "Naji bado ni yule yule wa mbio za ufukweni?" Nikamwambia, "Ni yule yule, ila sasa wako wawili ndani." Kaongeza kipande kila ubavu, hakitaonekana. Kofia nyekundu ndiyo ya sufu, hiyo utavumilia wakati wa Fatiha tu. Makubadhi meupe tayari nimekununulia. Vazi langu mimi la nyuzi za dhahabu ni zito kama godoro, lakini hakuna daktari aliyenikataza.

Imamu nimeshazungumza naye. Atakuwekea kiti kwenye dirisha la upande wa bahari, na hatarefusha maneno. Muulize daktari wako kwa ukweli, umweleze hariri na dirisha na kiti. Akikataa, nitanyamaza, na Rim nitamtuliza mwenyewe. Akikubali, suti yako nyeusi ibaki huko Lyon.

Leo asubuhi nimelitundika juba dirishani litokwe na harufu ya sanduku. Upepo wa bahari ukaingia, likajaa kifua na mabega. Rim alikuwa anapita na sinia la pilipili za kuanika. Akasimama, akaliweka sinia chini, akachukua kishada cha asumini kilichokuwa mezani, akakichomeka kando ya shingo, pale ambapo sikio lako lingekuwa, kama wanaume wetu wachomekavyo asumini sikioni siku ya harusi. Kisha akaokota sinia lake akaenda zake anaimba.

Nisalimie wifi Dalanda, na wanangu Iskandari na Yusra, waambie shangazi yao anawahesabia siku. Ridha na mkewe wanakusalimu, na fundi Tijani pia. Mwenyezi Mungu aupe moyo wako nguvu, akulete kwetu salama na akurudishe salama.

Ni mimi dada yako, akupendaye tangu nilipokuwa nakufunga vifungo,

Mabruka