Sahani Imerudi Tupu
Bondeni, Jumatano, Juni 1955

Sahani yangu imerudi tupu, na hiyo tu ndiyo imenilaza kitandani. Jumapili nilimpelekea jirani, Mama Zuhura, mahamri. Hapa kwetu sahani ya mtu hairudi bila kitu, hata chumvi kidogo. Nikawaza ananichukia. Kisha nikawaza majirani wote wananichukia. Kisha, kwamba wana haki. Leo mchana kutwa hata jiko sikuwasha.

Jioni mume wangu alinikuta nimetazama ukuta.

"Mama Halima, umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Najua."

"Unajua, au umewaza tu?"

Alinikera. Nilienda ili nimwonyeshe kwamba najua.

Mama Zuhura alifungua mlango macho yakiwa mekundu. Mumewe amefutwa kazi, nyumbani hakuna hata chumvi. "Nisamehe, dada. Niliona aibu."

Tulilia pamoja. Nilirudi mwepesi, nikawasha jiko, nikapika, nikala. Nikasema basi, yamekwisha, mawazo yangu ni uongo mkubwa.

Lakini sasa nimekaa hapa na kalamu. Siku zote Mama Zuhura huniita Mama Halima. Mbona leo ameniita dada?