Dawa ya Pamba Kwenye Chupa ya Soda

Jumanne, 4 Februari 2025
Mwanangu Kabula amekunywa dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Shemeji yangu Masunga aliimimina kwenye chupa ya soda, akaiacha chini jikoni, akaenda kuchota maji ya kupulizia. Mtoto kaona soda. Nimemkuta anatoka povu, mwili unaruka. Mume wangu Masalu kaleta maziwa. Nimepiga kikombe kikaanguka — kliniki walishatukataza kumnywesha aliyemeza sumu, atapaliwa. Masalu kanichapa ngumi ya mdomo. Nikabeba mtoto na chupa, nikapanda bodaboda na damu yangu hadi hospitali ya Bariadi.

Jumatano, 5 Februari
Yuko hai. Nesi Justina anasema chupa imewasaidia, walijua haraka sindano ya kumpa. Akaniuliza mdomo umefanyaje. Nikageuka kumfunika mtoto.

Ijumaa, 7 Februari
Masalu kaja wodini. Wameenda kwa mganga, yeye na Masunga. Eti aliyemroga mtoto ni Mama Nyamizi, mjane wa baba mkwe, anayenilelea Kabula nikiwa shambani.
“Masalu, chupa ilikuwa ya Masunga.”
“Chupa ni ya Masunga. Mkono uliompeleka mtoto kwenye chupa ni wa nani?”
Macho ya Masalu mekundu. Sikulala. Simu ya Mama Nyamizi hailii, imezimwa.

Jumapili, 9 Februari
Tumeruhusiwa. Nyumba ya Mama Nyamizi imechomwa! Yeye nimemkuta zizini, kalala kwenye mavi ya ng'ombe, mkono umevunjika, jicho limefumba. Majirani wanasema walikuwa wengi, ila aliyempiga kuliko wote ni Masunga. Yuleyule.
“Mayu, mama yangu, nani tena kakupiga?” nikamuuliza.
“Mtoto amepona?” Hilo tu.
Nimemlaza chumbani kwangu. Nikatoka kuchukua maji — galoni la dawa liko pale pale, kando ya mtungi. Nikalifungia kwenye sanduku la bati, kufuli. Masunga kanivuta nywele, kanibamiza ukutani. Nikampiga mchi wa bega. Nikampiga tena. Kabula anatuangalia, hata halii.

Jumatatu, 10 Februari, asubuhi
Nimejifungia ndani na Kabula na Mama Nyamizi. Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji, anasema anakuja. Hajaja.
Masunga yuko uani na panga. Anataka ufunguo wa sanduku, pamba inaliwa na wadudu. Halafu anamtaka Mama Nyamizi.
Nimemwambia dirishani: dawa utaipata siku utakayoacha kuiweka kwenye vyombo vya kunywea. Mama humpati.
Panga limepiga mlango. Ubao umechanika.
Masalu kakaa kwenye kigoda uani tangu kuche. Nikamwita: “Baba Kabula, mwanao yumo humu.”
Kainuka. Kachukua fimbo ya ng'ombe. Anakuja upande wa mlango, Masunga anamwangalia, anacheka, anampisha —

Masalu hajapita. Kasimama mlangoni kwetu, anamkabili Masunga, fimbo juu.