Kifaduro Nimekitaja, Mama

Mama yangu uliye mbele ya haki,

Mjukuu wako Salma hukujaaliwa kumwona. Nataka ujue alivyougua, na nilivyobishana.

Hajafika hata umri wa sindano ya kwanza ya chanjo, akaanza kukohoa. Kikohozi kikimshika hakimwachii, mpaka midomo inageuka buluu, kisha anavuta pumzi kwa mlio mwembamba wa kukwaruza. Mlio ule niliujua. Ndio aliokuwa nao kaka Suleiman utotoni mwetu, kule Mji Mkongwe.

Nikamwambia mkwe wangu, "Mama, hiki kifaduro."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usilitaje jina hilo! Husikii neno kufa lilivyokaa ndani yake, ki-fa-duro? Sema ana mafua."

Nikakukumbuka wewe. Kaka alipougua ulipita mlango kwa mlango ukiwaonya wenye watoto wachanga: "Mwanangu ana kifaduro. Msije kwangu, na wenu wapelekeni wakachomwe sindano." Jirani akakwambia unajitia aibu. Ukamjibu, "Aibu n'taipata siku mwanao akizikwa kwa kunyamaza kwangu."

Nikamfunga Salma kifuani, nikenda naye hospitali. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina la kigeni, pertusisi. Nikamuuliza maana yake.

"Kilatini hicho. Kikohozi kikali, basi."

"Na kifaduro?"

"Hilo letu. Asili yake sijapata mtu wa kunambia kwa hakika."

Basi mama, hilo neno kufa wamelitia wao, kwa hofu yao. Na hata lingekuwamo, neno tu lisingenizuia kumtibu mwanangu.

Salma akalazwa, akatiwa oksijeni. Mkwe alipokuja alisimama mlangoni mwa wodi, akauliza kwa kunong'ona, "Mafua yake yanaendeleaje?" Nikamjibu kwa sauti, kila mtu asikie: "Ana kifaduro, na anatibiwa." Akageuza uso. Sikuomba radhi, na siombi.

Sasa tumerudi nyumbani, Kiembe Samaki. Bado anakohoa, lakini ananyonya akashiba. Jana wifi yangu alikuja na kichanga chake. Kabla sijainuka, mkwe kashafika kizingitini, kanyoosha mkono kumzuia.

"Usiingie naye! Humu mna kifaduro. Mpeleke kwanza akachomwe sindano."

Nilikuwa jikoni. Nikacheka peke yangu, na hapo ndipo machozi, yaliyogoma siku zote zile za hospitali, yakanitoka.

Mola akulaze pema, mama.

Mimi mwanao, mama yake Salma